Apt, snap au Flatpak? Jibu kwa mwalimu mwenye laptopu ya mtumba na bando la kupima

"Salaam. Mimi ni mwalimu wa hisabati, nakaa Likoni na nafundisha ng'ambo, kisiwani. Mwaka huu nimenunua laptopu ya mtumba, RAM gigabaiti 4, diski ya SSD gigabaiti 128. Fundi alinieleza kuwa Windows 10 haihudumiwi tena, akaniwekea Ubuntu 24.04. Naipenda, ila kuweka programu kumenichanganya. Fundi asema nitumie duka lililokuja na Ubuntu basi. Mpwa wangu aliye chuoni asema snap ni mbovu, niing'oe yote niweke Flatpak. Katika video nimemsikia mtu akisema wajuzi hutumia apt peke yake. Nikaweka GeoGebra kwa apt, nikapata toleo la kale kabisa. Juzi nikaona ujumbe wa faili la kufuli, nikaelekezwa nilifute. Nimelifuta, na sasa kila nikiweka kitu naambiwa dpkg ilikatizwa. Intaneti yangu ni ya simu, gigabaiti 10 kwa mwezi, nazo zaisha kabla ya tarehe 20. Nataka kuchagua moja tu nitulie. Nichague ipi? Na mwenzangu mwenye Windows 11, je, naye ana kitu kama hiki?"

Salaam, Mwalimu. Nitaanza na ule ujumbe wa dpkg, programu ya ndani ya Ubuntu inayofungua na kupanga vifurushi vya programu, maana la kuchagua laweza kungoja na hilo haliwezi.

Kwa sasa usisakinishe kitu kingine chochote. Chomeka chaja, kwa sababu betri ya laptopu ya mtumba haina dhamana na kazi hii haipendi kukatizwa. Iwashe kompyuta upya, uiache dakika kumi hivi, kisha fungua dirisha la amri kwa kubonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Andika `sudo dpkg --configure -a`. Utaombwa neno la siri, na ukiliandika hutaona kitu kwenye skrini, hata nyota. Ndivyo lilivyo, endelea tu. Amri hii haigusi bando lako. Kazi yake ni kumalizia vifurushi vilivyokwisha kupakuliwa vikaachwa nusu njiani. Ikimaliza, andika `sudo apt --fix-broken install`. Hii ya pili huenda ikahitaji kupakua kidogo, lakini kabla ya kupakua itakuambia ni megabaiti ngapi na itakuuliza kama uko tayari. Soma orodha. Ukiona inataka kuondoa programu moja mbili usizozijua, si neno. Ukiona inataka kuondoa makumi ya vitu, hasa kitu kiitwacho ubuntu-desktop, jibu `n` na usimame hapo. Nitarudi kwenye hilo mwishoni.

Nataka uelewe kilichotokea, kwa sababu ushauri wa kufuta kufuli umezagaa na unaharibu kompyuta za watu. Ubuntu ina programu inayofanya kazi chinichini kila siku kutafuta masasisho ya usalama na kuyasakinisha yenyewe. Ikiwa kazini, hulishika lile faili la kufuli ili mtu mwingine asiingie. Faili lenyewe lipo siku zote, hata kompyuta ikiwa imetulia. Kinachofunga ni kiini cha mfumo kuweka kumbukumbu kwamba programu fulani imelishika. Ukilifuta, ile programu ya kwanza haijui, bado inaendelea na kazi yake. Ya pili inakuja, haioni faili, inaunda jipya, inalishika, inaona njia nyeupe. Sasa ni wawili wanaoandika katika daftari moja kwa wakati mmoja, na daftari hilo ndilo linalosema nini kipo ndani ya kompyuta yako na nini hakipo. Niliwahi kuletewa kompyuta ya ofisi moja hapa mjini iliyofutwa kufuli namna hiyo mara tatu kwa wiki moja. Kuirudisha hali yake kulinichukua siku nzima, na kazi yote hiyo ingeepukwa kwa kungoja dakika kumi. Ujumbe ule ukirudi tena, utazame vizuri: hutaja jina la programu iliyoshika kufuli. Ukiona unattended-upgr, ndiye yule wa masasisho. Mwache amalize.

Sasa swali lako. Nikilisoma tena naona kuwa unachotafuta hasa ni utulivu, na bando litakalofika mwisho wa mwezi. Watu watatu wamekupa majibu matatu, na kila mmoja ana kipande cha ukweli. Wote wamekosa kukuambia jambo la msingi: apt huichagui. Imekuja na Ubuntu kama mifupa inavyokuja na mwili. Ndiyo iliyosakinisha mfumo wenyewe, ndiyo inayoutunza, na huwezi kuing'oa ukabaki na kompyuta. Unachoweza kuchagua ni kama utaongeza njia nyingine juu yake, na kwa programu zipi.

Msimamizi wa vifurushi kama apt hufanya nini? Programu kama LibreOffice haijitoshelezi. Inahitaji kipande cha msimbo cha kuchora herufi, kingine cha kufungua picha, kingine cha kuzungumza na printa. Vipande hivyo huitwa laibrari, na programu nyingi huvitumia kwa pamoja. Kila kifurushi huja na orodha ya laibrari kinazozihitaji na matoleo yanayokubalika. Apt husoma orodha hizo zote, hupiga hesabu ya mseto utakaomridhisha kila mmoja, hupakua, kisha humkabidhi dpkg kazi ya kufungua na kupanga. Wewe ni mwalimu wa hisabati, kwa hiyo utanielewa nikisema ni mfumo wa masharti mengi unaotafutiwa suluhisho moja. Ukiingiza kifurushi kutoka ghala jingine (yaani hifadhi nyingine ya vifurushi mtandaoni) lenye masharti yake, pengine suluhisho linapotea. Ndipo mtu anapoona apt inataka kuondoa nusu ya kompyuta ili kuweka kitu kimoja kidogo.

Kuna kazi nyingine ambayo haionekani. Ukitoka Likoni kwa feri, kontena unazoziona upande wa Kilindini zimepigwa sili. Karani halazimiki kufungua kila kontena kuhesabu mizigo. Hutazama sili, hulinganisha namba yake na hati, ikilingana hupita. Apt hufanya vivyo hivyo. Ghala la Ubuntu lina hati kuu iliyotiwa saini ya kidijitali, na ufunguo wa kuihakiki saini hiyo umo ndani ya kompyuta yako tangu siku iliposakinishwa. Hati kuu ina alama za vidole za orodha zote, na orodha zina alama ya kidole ya kila kifurushi. Mtu akibadilisha hata herufi moja njiani, hesabu haitalingana na apt itakataa. Faili unalopakua mwenyewe kutoka tovuti fulani ukalibofya halipiti mlolongo huu. Pengine ni safi, lakini hakuna aliyetazama sili.

Naja kwa madai kwamba apt ni ya kale. Toleo la Ubuntu ulilo nalo lilitoka Aprili 2024 na limeahidiwa masasisho ya kawaida ya usalama kwa miaka 5. Katika muda huo, programu nyingi hubaki na namba ileile ya toleo kwa makusudi. Kasoro ya usalama ikigunduliwa, watunzaji huchukua kiraka cha kasoro hiyo tu na kukishona kwenye toleo lililopo, bila kuleta vitufe vipya na tabia mpya. Namba ya zamani basi haina maana ya hatari ya zamani. Kwa mwalimu anayetaka mtihani aliouandika Januari ufunguke vilevile Novemba, naona hiyo ni sifa. Ila nikuambie ukweli wote: ahadi hiyo ni thabiti kwa sehemu ya ghala iitwayo main. Ile iitwayo universe, ambayo ndiyo kubwa zaidi, hutunzwa na watu wa kujitolea na viraka vyake huweza kuchelewa. Kuna huduma ya Ubuntu Pro inayoziba pengo hilo, na kwa mtu binafsi ni bure hadi kompyuta 5. Jisajili. Ni dakika chache tu.

GeoGebra, programu ya kuchora maumbo na grafu za hisabati, ni kisa cha pekee, na umekutana nacho kwa bahati mbaya mwanzoni kabisa. Iliyomo kwenye apt ni ya safu ya 4.0, iliyotoka mwaka 2011. Masharti ya leseni ya matoleo yaliyofuata hayakuoana na kanuni za ghala, hivyo likabaki lilelile. Usiihukumu apt kwa programu hiyo moja. LibreOffice yake ni ya mwaka 2024, VLC yake, ya kuchezea video na muziki, inacheza kila kitu utakachompa, na programu za kusoma PDF na kuchapisha ni nzuri kabisa.

Snap ni nini basi? Ni njia ya kampuni ya Canonical, wenye Ubuntu. Badala ya programu kuazima laibrari za mfumo, inakuja na zake ndani ya bunda moja lililobanwa, na inafungiwa katika chumba chake ili isiguse kila kitu. Faida yake ni kwamba mtengenezaji anaweza kuleta toleo jipya leo bila kungoja ghala la apt, nalo haligongani na programu nyingine. Hasara yake utaihisi wewe kuliko mpwa wako, kama mashine yake ni mpya. Mabunda ni makubwa. Programu zenye laibrari zao wenyewe hazishirikiani kumbukumbu na mfumo, na kwenye RAM ya gigabaiti 4 hilo lina uzito. Ufunguaji wa kwanza baada ya kuwasha kompyuta huwa wa polepole. Tena, mara nne kwa siku snap huchungulia kama kuna toleo jipya na, likiwapo, hulipakua bila kukuuliza. Nadhani hapo ndipo sehemu ya gigabaiti zako inakoenda.

Hata hivyo usiing'oe. Tangu Ubuntu 22.04, Firefox yako ni snap, hata ukiandika `sudo apt install firefox`. Apt inapokea agizo na kumkabidhi snap. Duka la programu lenyewe pia ni snap. Ukifuata video inayosema "ondoa yote", utajikuta huna kivinjari, huna duka, na unatafuta msaada kwa simu. Wapo watu wasioitaka snap kabisa, nao wana njia halali: Linux Mint, iliyojengwa juu ya Ubuntu, iliizuia snap tangu toleo lake la 20 mwaka 2020 na huleta Firefox kama kifurushi cha kawaida cha apt. Kama ningeisakinisha mashine yako mimi, yenye RAM hiyo na bando hilo, ningechagua Mint. Lakini hiyo haimaanishi uanze upya. Uliyo nayo inatosha ukiitia adabu.

Na kuitia adabu ni amri mbili. Ya kwanza ni kuiambia kompyuta kwamba mtandao wa simu yako ni wa kupimwa. Andika `nmcli connection modify "Jina la hotspoti" connection.metered yes`, ukiweka jina halisi la mtandao wako ndani ya alama za kunukuu. Ya pili ni `sudo snap set system refresh.metered=hold`. Kuanzia hapo snap haitajisasisha ukiwa kwenye hotspoti, na ile programu ya masasisho ya chinichini pia huheshimu alama hiyo. Sasa jukumu limehamia kwako: mara moja kwa wiki, ukiwa mahali penye Wi-Fi isiyopimwa, andika `sudo apt update`, kisha `sudo apt upgrade`, kisha `sudo snap refresh`. Tafadhali usiruke wiki nyingi. Kivinjari ndicho mlango unaobishwa na kila mtu, na kivinjari kisichosasishwa ni hatari kuliko bando kuisha.

Watu huchanganya amri mbili za kwanza. `update` haisasishi programu yoyote. Inaleta orodha mpya tu, yaani kujua dukani kumeingia nini. `upgrade` ndiyo inayoleta mizigo, na kabla ya kuanza hutaja kiasi itakachopakua. Ukiona ni megabaiti 400 na umebakiwa na 500, jibu `n`, utaifanya Jumatatu shuleni. Inanisikitisha kwamba nyaya za intaneti za baharini, TEAMS na SEACOM tangu 2009 na nyingine baada yake, zinatua papa hapa Mombasa, na mwalimu wa Likoni bado anahesabu megabaiti. Ila ndivyo hali ilivyo, na ushauri wowote usioihesabu si ushauri kwako.

Mpwa wako naye tumsikilize. Flatpak ni njia inayofanana na snap kwa wazo, ila haiko chini ya kampuni moja, na ghala lake kuu ni Flathub. Hufanya kazi karibu kila aina ya Linux. Tofauti kubwa kwako ni ya hesabu. Programu ya kwanza ya Flatpak huja na msingi wake, na msingi huo peke yake ni mamia ya megabaiti. Ukiongeza programu ya pili inayotumia msingi uleule, unalipia programu tu. Ya tatu vivyo hivyo. Kwa hiyo mwenye programu kumi za Flatpak hapati hasara anayoipata mwenye moja. Na kila programu ikitaka msingi wa aina yake, diski ya gigabaiti 128 utaiona ikijaa. Amri ya `flatpak uninstall --unused` huondoa misingi iliyobaki bila mwenyewe. Kwenye Ubuntu yako Flatpak haijisasishi yenyewe, nalo ni jema kwa bando lakini lahitaji uikumbuke.

Mimi ningekushauri hivi. Kila programu iwe na mlezi mmoja tu, nawe umjue. Chochote kinachopatikana kwa apt na kinakutosheleza, kiweke kwa apt: LibreOffice, VLC, fonti, printa, zana ndogondogo. Firefox iache kwa snap ilivyokuja, na usiongeze snap nyingine bila sababu. Kwa GeoGebra, ondoa ile ya zamani kwa `sudo apt remove geogebra`, kisha jiulize waitumia wapi. Kama ni nyumbani unapoandaa somo, fungua ile ya kwenye kivinjari, haihitaji kusakinishwa popote. Kama ni darasani ambako hakuna mtandao, hapo Flatpak inastahili gharama yake. Nenda penye Wi-Fi, andika `sudo apt install flatpak`, halafu `flatpak remote-add --if-not-exists flathub https://dl.flathub.org/repo/flathub.flatpakrepo`, iwashe kompyuta upya, kisha `flatpak install flathub org.geogebra.GeoGebra`. Utakuwa na Flatpak moja, kwa sababu moja unayoijua. Sijakupa jibu la "moja tu" ulilolitaka, najua. Lakini moja kwa kila programu litakupa utulivu uleule, na moja kwa kompyuta nzima halipo tena kwenye Ubuntu.

Nasisitiza mlezi mmoja kwa sababu nimeona yanayotokea wakiwa wawili. Mtu ana LibreOffice ya apt na ya snap. Aikoni mbili zinafanana. Leo anafungua hii, kesho ile, na mipangilio yake haionekani, kwa sababu programu za snap huweka vitu vyao ndani ya folda iitwayo snap na za Flatpak ndani ya `.var/app`. Anadhani kompyuta imepoteza kazi yake. Haijapoteza kitu, amebisha hodi nyumba isiyo yake.

Lile faili la `.deb` la kupakua kwenye tovuti, litumie pale tu mtengenezaji mwenyewe ndiye anayelitoa na apt haina. Uliza swali moja kabla ya kubofya: nani atalisasisha? Google Chrome, kwa mfano, ikisakinishwa huongeza ghala lake kwenye apt, hivyo husasishwa pamoja na vingine. Nyingine huingia na kukaa hivyo hivyo miaka, hakuna anayezitazama. AppImage ni faili moja unalolibeba kwenye flashi na kulifungua bila kulisakinisha, nzuri kwa kujaribu kitu, ila nyingi hazijisasishi. Na ukiona mafundisho yanayokuambia unakili mstari unaoanza na `curl` na kuishia na `sudo bash`, tambua kwamba unampa mtu usiyemjua funguo zote za nyumba bila kumwona uso.

Je, ghala rasmi ni salama kabisa? Ni salama zaidi, si kabisa. Machi 2024 mhandisi aitwaye Andres Freund aligundua mlango wa siri uliofichwa katika xz, zana ya kubana mafaili iliyomo karibu kila Linux. Matoleo yenye sumu, 5.6.0 na 5.6.1, yalikuwa yamefika kwenye matawi ya majaribio ya Debian na Fedora, aina nyingine za Linux, lakini hayakuwa yameingia kwenye matoleo tulivu ya Ubuntu. Ule ukale uliokuudhi ndio ulioyakinga. Mwaka huohuo zilionekana pochi bandia za sarafu za kidijitali ndani ya duka la snap, kwa sababu huko mtu yeyote aliweza kupandisha programu. Kwa hiyo dukani tazama jina la mchapishaji na alama ya tiki inayoonyesha amethibitishwa. Flathub nayo ina alama kama hiyo.

Bando likiwa limekatika kabisa, kuna zana iitwayo apt-offline. Kwenye kompyuta yako inaandika orodha ya unachohitaji kwenye flashi, unaipeleka kwenye kompyuta yenye mtandao mzuri, inapakua, unarudi na flashi na kusakinisha. Kama shuleni mko walimu wanne wenye Ubuntu 24.04, mmoja akipakua masasisho kwa `sudo apt-get upgrade` badala ya `sudo apt upgrade`, mafaili ya `.deb` hubakia kwa muda kwenye `/var/cache/apt/archives`. Nakilini mgawane, kila mmoja ayaweke kwenye folda hiyohiyo ya kompyuta yake. Hili ni kwa apt, na naliona ni hoja kubwa ya kuipendelea huku kwetu kuliko nyingi zinazotajwa.

Mwenzako wa Windows 11 anayo winget, ya Microsoft yenyewe, na kwa kawaida huja na mfumo. Afungue dirisha la amri aandike `winget upgrade` aone orodha ya vilivyochakaa, kisha `winget upgrade --all`. Zipo pia Chocolatey na Scoop, ambazo ni za zamani zaidi na wapo wanaozipenda, ila kwa mtu anayeanza winget yatosha. Mwenye Mac hutumia Homebrew. Kanuni ya mlezi mmoja ni ileile kwa wote.

Nimesema nitarudi kwenye pale pa kusimama. Kama `sudo dpkg --configure -a` itatoa ujumbe wenye maneno "Input/output error", hilo si tatizo la vifurushi, mara nyingi ni diski inayoanza kufa. Usirudie amri. Nakili mitihani, alama za wanafunzi na picha kwenye flashi au diski ya nje siku hiyohiyo, kisha ipeleke mashine kwa fundi. Kama apt inataka kuondoa ubuntu-desktop, au kompyuta haifiki kwenye skrini ya kuingilia, au inasema nafasi imekwisha hali wajua haijaisha, pia nenda ana kwa ana. Ipige skrini picha kwa simu kabla ya kuzima, ujumbe kamili ukionekana, maana "iliandika kitu chekundu" haimsaidii fundi.

Na ukifika kwa fundi, iwe Digo Road au Moi Avenue, muulize kwanza atakachofanya. Akikuambia atafomati kabla hata hajaiwasha, mwombe aangalie `/var/log/dpkg.log` na `/var/log/apt/history.log` kwanza. Humo mmeandikwa kila kilichosakinishwa na saa yake, na fundi mzuri atajua ndani ya dakika chache kama pana haja ya kuanza upya. Ukitaka, niandikie matokeo ya zile amri mbili za mwanzo kama yalivyo, hata yakiwa marefu, tuyasome pamoja kabla hujatoa mashine mkononi.